Taa Iliyokubali Kuwaka

Siku zangu za mwisho kazini, kijana mmoja wenu, ninyi mliobaki kazini, alisimama kando ya jenereta akimtazama fundi anavyovuta kamba. Fundi alivuta, jenereta likakohoa na kunyamaza. Akavuta tena, ikawa vilevile. Akavuta tena. Kijana akanigeukia akasema, "Mzee, mtu anayerudia jambo lilelile akitegemea matokeo tofauti ana wazimu." Alikuwa ameyasikia maneno hayo redioni. Kabla sijamjibu, jenereta likawaka. Kijana akamtazama fundi, na fundi akaitazama kamba mkononi mwake, maana hata yeye hakujua safari hii amefanya nini ambacho hakukifanya mara zile za mwanzo.

Sikumjibu siku ile. Najibu sasa kwa kuwa nimestaafu na nina nafasi, na kwa kuwa swali hilo limenikaa kifuani tangu miaka ya tisini. Wakati huo niliona kwa macho yangu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka baridi inaniingia mikononi. Msitegemee nieleze vyeo nilivyopanda. Ni vichache, na havikunifundisha kitu. Nitaeleza kisima kimoja.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Shule niliiachia darasa la tano, si kwa sababu masomo yalikuwa magumu bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilikuwa kubwa. Nikapakia tumbaku, nikawa utingo wa lori la mahindi, nikachunga ng'ombe wa watu, nikakaa msitu wa Ugalla na warina asali mpaka nyuki waliponichoka. Mpanda niliingia kwa treni, nikashuka kwa sababu reli inaishia pale. Ingekuwa inaendelea, ningeendelea. Nilipowaeleza hivyo wenzangu wa kazini, wakanipa jina la Treni, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo bila kujua jina langu la ubatizo.

Siku ya kwanza nilimkuta mzee mmoja karibu na stesheni ameketi juu ya ndoo, anasuka upya kamba ya katani iliyolika. Nilisimama kumtazama, kama kawaida yangu. Nikamwuliza kwa nini anaanzia katikati na si mwishoni. Akaniuliza yeye, "Wewe unaogopa shimo?"

"Sijawahi kuingia, mzee."

"Hilo ni jibu. Anayeniambia haogopi, simchukui."

Huyo ndiye Mzee Kazumba, Mkonongo, msimamizi wa timu yetu ya kuchimba visima kwa mikono. Kesho yake nilikuwa kazini. Vifaa vyetu vilikuwa sururu, tindo, nyundo nzito, beleshi lililokatwa mpini ili liweze kugeuka shimoni, ndoo za chuma, na winchi ya gogo yenye mikono miwili ambayo watu wawili waliizungusha kushusha na kupandisha kamba. Mchimbaji alishuka mguu mmoja ukiwa ndani ya kitanzi, mikono imeshika kamba. Na kilikuwepo kifaa kingine ambacho nilidhani ni mchezo: kibatari cha kopo, kilichofungwa kwenye kamba yake nyembamba.

Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, Mzee Kazumba aliwasha kibatari, akakishusha polepole mpaka kikagusa chini, akainama akatazama. Mwali uliwaka. Akakivuta juu, akakizima kwa pumzi, akasema, "Haya." Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Tulihama kijiji, tukaanza shimo lingine, na ibada ikawa ileile. Mimi, ambaye sikuwahi kufanya kazi moja misimu miwili, nilikuwa natazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

"Mzee, ile taa inawaka kila siku," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Na kesho utaishusha?"

"Nitaishusha."

"Ukitegemea nini?"

"Kwamba itawaka."

"Sasa kama unajua itawaka..."

"Treni," alisema, "shika kamba."

Baadaye, wakati wa kula, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kwenye shimo refu hukaa hewa isiyo na rangi wala harufu, inatulia chini kama maji kwenye sufuria. Mtu akiingia humo haoni tofauti yoyote, ila magoti yanamwishia nguvu. Taa inakufa kabla ya mtu, na hiyo ndiyo kazi yake. Nilimwuliza kama amewahi kuiona ikizima. Akatafuna, akameza, akasema amewahi.

Mchimbaji wetu mkuu alikuwa Masanja, Msukuma mwenye mabega mapana, aliyekuja Katavi na ng'ombe wa baba yake. Ndugu zake walibaki na mifugo upande wa Mamba, yeye akachagua sururu. Alisema ng'ombe wanakutazama sana usoni. Masanja alikuwa na tabia ya kuimba akishuka, na sisi wa juu tulijua amefika wapi kwa jinsi sauti ilivyobadilika. Mkewe, Nyanzobe, alituletea chakula popote tulipokuwa karibu na mji. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na alimkejeli mumewe mbele yetu kuliko mtu mwingine yeyote.

"Shemeji Treni," aliniambia siku moja, "huyu ukimwacha shimoni wiki nzima, mimi nitajua tu kwa sababu nyumba itanukia vizuri."

"Mnamsikia?" Masanja alijibu. "Na ndiye aliyelia siku ya kuja huku, akidhani nitamwacha kwa mama yake."

"Nililia kwa sababu hukuniacha."

Ndivyo walivyopendana.

Mwaka lilipotokea jambo lenyewe tulikuwa Kasokola, kijiji kilicho karibu na mji. Wanawake wa kitongoji kile walichota maji kwenye kijito kilichokauka kila kiangazi, na tulikuwa tumeshafika kwenye tabaka la mawe yaliyoanza kutoa jasho. Maji yalikuwa karibu. Kisha ukatokea msiba kwa mwenyekiti wa kitongoji, kijiji chote kikasimama, na sisi tukasimama nacho. Shimo likakaa wazi siku kadhaa bila mtu kuingia. Tuliporudi, mawingu yalikuwa yamelala chini, majani hayatikisiki, hakuna upepo hata wa kupeperusha vumbi.

Mzee Kazumba akawasha kibatari, akakishusha. Kabla hakijafika chini, mwali ukazima.

Nilishtuka. Miezi yote ile nilikuwa nimeomba kimoyomoyo nione kitu kipya, na kilipotokea nikajikuta sitaki kukitazama. Mzee akakivuta juu, akakitikisa, akanusa utambi. Akawasha tena, akakishusha tena. Kikazima tena.

"Mafuta," alisema Masanja. "Mafuta ya taa ya siku hizi wanachanganya na maji. Juzi kwangu taa ilizima mara tatu tukila."

Ilikuwa kweli. Hakuna nyumba ambayo haikulalamikia mafuta ya taa siku hizo. Wanakijiji waliokuja kusaidia wakaitikia, kila mmoja na kisa cha taa yake. Mwenyekiti, aliyekuwa bado na kitambaa cha msiba mkononi, akasema kwa upole, "Jaribuni tena, wazee wangu. Akina mama wamesubiri sana." Mzee Kazumba alikuwa ameinama. Alikuwa anatazama shimo, si taa. Masanja akachukua kibatari mkononi mwake kwa heshima, kama mtu anayempokea mzee mzigo, akasema, "Lete nijaribu mimi, baba. Mkono wako unatetemeka, ndiyo maana."

Akawasha. Akashusha polepole sana. Sote tukainama kuzunguka mdomo wa kisima, vichwa vinagongana. Mwali ukanywea, ukawa mdogo kama punje ya mtama, halafu ukasimama. Ukawaka. Watu wakapumua, mama mmoja akapiga kigelegele. Mzee Kazumba akafungua mdomo kusema kitu, lakini Masanja alikuwa ameshavuta taa juu, na mguu wake ulikuwa umeshaingia kwenye kitanzi.

Tukaanza kuzungusha winchi. Masanja akaanza kuimba. Sauti ikazama, ikawa nzito, ikawa ya mbali. Kisha ikakatika katikati ya neno. Tukadhani anavuta pumzi. Na hapo, jamani, ndipo kamba ilipokuwa nyepesi mkononi mwangu. Nimeshika mambo mengi maishani, lakini sijawahi kushika kitu kilichonitisha kama wepesi ule. Kutoka chini tukasikia mshindo mmoja, kama gunia linaposhushwa kwenye lori.

Nyanzobe alikuwa ndiyo kwanza anafika na chakula. Aliona nyuso zetu. Alitua sufuria chini taratibu, akaifunika vizuri, kama vile nzi walikuwa ndilo tatizo la siku ile, halafu akapiga kelele, "Mayo wane!" yaani mama yangu kwa Kisukuma, na kukimbilia kisimani.

Kijana mmoja wa kijiji alikuwa ameshavua shati ili ashuke. Mzee Kazumba alimkamata mkanda wa suruali akamwangusha chini. "Ukishuka tutakuwa na wawili," alimwambia. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. "Kateni matawi! Ya mti wa mtundu, yenye majani mengi! Na nyie wengine, maji! Mwageni maji shimoni!"

Tukafunga rundo la matawi kwenye kamba, tukalitupa shimoni, tukalivuta, tukalitupa, tukalivuta, kama mtu anayetwanga, ili kuisukuma ile hewa mbaya itoke. Wengine walimwaga maji yaliyokuwa kwenye mapipa ya kuchanganyia zege. Mzee akashusha taa. Ikazima. Tukatwanga tena. Akashusha taa. Ikazima. Jasho likatuingia machoni. Watu walibadilishana kamba, na kila aliyepokezwa alianza kwa nguvu na kuishiwa upesi, kwa sababu kila tulipotazama taa ilizima, na mkono unachoka haraka ukiambiwa hapana.

Mwenyekiti ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemzika wa kwake juzijuzi. "Imetosha, ndugu zangu. Tunarudia kitu kilekile. Tutafute namna ya kuutoa mwili."

Mikono ikalegea. Nyanzobe akaichukua kamba kwa yule aliyekuwa ameiachia. Akalitupa rundo, akalivuta. Akalitupa, akalivuta. Wanawake wawili walimshika mabega kumtoa, akawasukuma kwa kiwiko bila kuwatazama. Nilimwona mzee mmoja akitikisa kichwa na kugusa paji lake la uso, ile ishara ya kusema huyu akili imeruka.

Mzee Kazumba alikuwa amepiga magoti na kibatari chake. Taa ikazima tena. Mimi nikasema, "Imezima, mzee."

"Imezima wapi?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akaniinulia kamba nyembamba mbele ya macho. Alikuwa anaipaka tope kwa kidole, pale inapopita kwenye mdomo wa kisima, kila taa ilipokufa, na alama za tope zilikuwa zimepangana, moja juu ya nyingine. Kila mara ilikufa chini kidogo kuliko mara iliyotangulia. Wengine wote tulisikia hapana ileile. Yeye alikuwa anasikia hapana inayorudi nyuma.

"Vuta, mwanangu," alimwambia Nyanzobe. "Inaondoka. Vuta."

Nikakimbilia kamba pamoja naye, na wanaume wakarudi kwa aibu mmoja mmoja. Sijui tulitwanga kwa muda gani. Najua tu kwamba taa ilipogusa chini na kubaki hai, Mzee aliiacha pale bila kuivuta, akauangalia mwali ukicheza, akakataza mtu yeyote kusogea mpaka aridhike. Halafu akanifunga kamba kifuani kwa mikono yake, fundo juu ya fundo. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alinambia niimbe. Nikamwambia sijui kuimba. Akasema basi nihesabu kwa sauti, na nikinyamaza ananivuta.

Masanja alikuwa ameketi, mgongo ukutani, uso ameuinua juu. Ndicho kilichomwokoa, nadhani. Angeangukia uso, leo ningekuwa naandika kitu kingine. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimfunga huku nikihesabu namba zisizo na mpangilio, na sauti yangu ikinirudia kutoka ukutani kama ya mtu mwingine. Walimpandisha yeye kwanza, kisha mimi.

Nilipotoka, walikuwa wamemlaza kando ya rundo la tofali za kujengea kisima, wanampepea na kumwagia maji kifuani. Akavuta pumzi moja mbaya, yenye mlio. Halafu nyingine. Akatapika. Watu wakalipuka kwa kelele. Na katika kelele zote zile nilisikia nyuma yangu sauti ya majani yakikwaruza ukuta wa kisima.

Nyanzobe alikuwa amerudi kwenye kamba ya matawi, anatwanga tena. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Hakuona mumewe alipopandishwa, au aliona na mikono ikakataa kusadiki.

"Shemeji," nilimwambia, "ametoka."

Akatupa rundo, akalivuta.

"Shemeji, ametoka! Yule pale, anatapika."

Nikamshika mikono. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imebaki kwenye kamba. Akanitazama kana kwamba nimemwamsha, akageuka, akamwona. Akatembea mpaka pale alipolala, akachuchumaa, akampiga kofi mpaka mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja.

"Ulifuata nini kule?" alimwuliza. "Nimeambiwa taa ilizima! Ilizima mara mbili mbele ya watu!"

Masanja alifumbua macho. Alikuwa hata kichwa hawezi kukiinua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, "Lakini taa iliwaka."

Mzee Kazumba alinigusa bega akanionyesha chini, pale Masanja alipokuwa amesimama na kibatari asubuhi. Kwenye udongo ilikuwa bado imebaki alama ya mizunguko ya kamba nyembamba, kipande kirefu ambacho Masanja hakukishusha shimoni. Sote tulitazama mwali. Hakuna aliyetazama mkono. Aliishusha taa mpaka pale ilipokubali kuwaka, akasimama hapo. Na sidhani kama alitaka kutudanganya. Alijidanganya yeye kwanza.

Kwa hiyo, kijana wangu wa jenereta, jibu langu ni hili. Siku ile tulirudia mambo mawili. Taa tuliirudia mpaka ikatupa jawabu tulilolitaka, na hapo ndipo tulipoacha kurudia. Hilo lilionekana la busara, watu wazima tukalishangilia. Matawi tuliyarudia bila kupewa jawabu lolote zuri, na yule asiyeacha akaonwa mwendawazimu. Tofauti haikuwa kwenye kurudia. Kila tawi lililoshuka lilitoa hewa kidogo na kuingiza nyingine. Kila njiti tuliyowasha haikubadilisha kitu mle shimoni, ilitubadilisha sisi tu. Sasa utaijuaje tofauti ukiwa katikati ya jambo, unatoka jasho? Sijui. Paka kamba tope, uangalie.

Lakini sijamaliza, kwa sababu kilichonishtua zaidi kilitokea kesho yake.

Tulirudi kisimani kwa kuwa kazi ilikuwa lazima iishe, na maji yalikuwa karibu. Masanja alibaki nyumbani, kichwa kinamgonga. Nyanzobe alikuja kuchukua sufuria yake, viganja vimefungwa vitambaa. Mzee Kazumba alinipa mimi kibatari na kasha la kiberiti, akasema nijifunze. Nikawasha, nikashusha, macho kwenye kamba na si kwenye mwali. Usiku ule hewa ilikuwa imekusanyika tena. Kabla ya chini, taa ikazima.

Nilidhani watu wote pale tulikuwa tunawaza kitu kimoja. Ndipo mwenyekiti, mtu yuleyule, mwenye macho mekundu ya jana, akasafisha koo.

"Jaribu tena," alisema. "Labda upepo."

Hapakuwa na upepo. Na wengine, nawaapia, wakaitikia. "Ndiyo, labda upepo." "Utambi nao ni mfupi." Yule mama wa kigelegele alikuwemo. Hata mkono wangu mimi ulikuwa umeshafungua kasha na kutoa njiti ya pili, na sikumbuki kuuamuru.

Nyanzobe aliweka sufuria chini. Akanijia, akalichukua kasha mkononi mwangu kwa vidole vyake vilivyofungwa, akachukua na njiti niliyoitoa, akavitupa vyote shimoni. Tulisikia kasha likigonga jiwe.

"Sasa," alisema, "kateni matawi."

Tulikata matawi. Maji tuliyapata siku chache baadaye, baridi na matamu, na Masanja akarudi kazini akiwa na wimbo wake. Mimi nilidumu kwenye kazi ile kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kugusa. Watu wengi walinicheka kwamba naenda kisimani na njiti moja tu ya kiberiti, nimeifunga kwenye karatasi mfukoni pamoja na kipande cha kasha cha kuwashia. Wavuta sigara walinichukia. Nilipoombwa nyingine nilionyesha mfuko mtupu, na taa ikizima, siku hiyo hakuna aliyeshuka mpaka mtu atembee kwenda dukani na kurudi, nasi wakati huo tunatwanga matawi.